Dada Mkubwa Anaiaga Jiko, Sayari ya Mvua ya Chuma

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika kituo chetu cha kuchunguza nyota, Dada Mkubwa atarudisha funguo za chumba namba nne na kustaafu. Cheo chake ni Mkuu wa Kitengo cha Sayari za Mbali, lakini hata mkurugenzi humwita Dada Mkubwa, na anayepita bila kumpa shikamoo hujuta mpaka saa ya chai.

Alikuja kwa mkataba wa muda, akitokea kufundisha fizikia. Kitengo kilikuwa meza moja, kompyuta yenye feni iliyonguruma kama cherehani, na paa linalovuja. Siku ya kwanza kazi yake ilikuwa kusogeza meza.

Wengi tunamjua kwa sababu ya Jiko. Ndilo jina alilolipa dude moja kubwa la gesi lililo mbali mno, linaloizunguka nyota yake kwa karibu sana hivi kwamba mwaka wake huisha kabla wiki yetu haijafika katikati. Upande mmoja ni mchana daima, wa pili ni usiku daima. Huko mchana chuma hakiishii kuyeyuka, huwa mvuke. Sayari yenyewe haionekani kwa macho. Kitengo huchunguza mwanga wa nyota kila Jiko inapopita mbele yake.

Miaka kumi na moja iliyopita, vipimo vilionyesha dalili za mvuke wa maji kwenye anga ya Jiko. Wafadhili wakaalikwa, waandishi wa habari wakaja, viti vikapangwa ukumbini. Asubuhi hiyohiyo, akipitia vipimo kwa mara ya mwisho, Dada Mkubwa akaona jambo lililomkosesha raha. Dalili ya maji ilipata nguvu siku ambazo hewa ya hapa kituoni ilikuwa na unyevu, na kufifia siku za ukavu. Huenda maji yale yalikuwa ya juu ya paa letu wenyewe.

Akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa wakati ule.

“Hatutangazi,” akamwambia.

“Watu wameshakaa, Dada.”

“Basi nitawaambia wakiwa wamekaa.”

Akawaambia. Wageni wakaanza kuokota mikoba yao. Mfadhili mmoja hakurudi tena. Mkurugenzi alimnunia kwa miezi, na kitengo kikapunguzwa mpaka akabaki yeye na fundi wa darubini, ambaye ndiye anayeandika haya. Siku hizo alikula chakula cha mchana peke yake, mlango umefungwa. Niliposikia analia, nilijifanya nimesahau bisibisi, nikarudi nilikotoka.

Tulirudia vipimo kiangazi kizima. Maji hayakuonekana. Kilichoonekana, baada ya kuyaondoa maji yetu kwenye hesabu, ni mvuke wa chuma. Ulikuwepo kwenye ukingo wa jioni wa sayari, pale upepo unapotoka upande wa mchana kuingia wa usiku, lakini kwenye ukingo wa asubuhi, unaporudi mchana, haukuwepo. Upepo huusukumia upande wa usiku, huko ukapoa na kunyesha. Vituo viwili vya nje vikapima, vikapata jibu lilelile.

Mkurugenzi alikuja, akasimama mlangoni. “Hongera, Dada. Na samahani.” Dada Mkubwa akamvutia kiti.

Tangu hapo, kila kijana anayeingia kwake na matokeo huku anacheka peke yake huulizwa swali moja: “Umeshajaribu kuyavunja?”

Mwezi uliopita aliombwa abaki mpaka darubini mpya ikamilike. Alishukuru, akakataa. Mama yake amezeeka na macho yamefifia, na Dada Mkubwa anataka kukaa naye wakati mama bado anamtambua kwa sauti. Mama huyo huwaambia majirani kwamba binti yake anatabiri hali ya hewa, na miaka yote hii binti hajamsahihisha. Sasa ameamua kumsimulia, kidogo kidogo kila jioni, mvua inavyonyesha huko Jiko.

Dada Mkubwa, asante kwa yote. Tunakutakia afya njema, asubuhi zisizo na vikao, na mama mwenye maswali mengi.