Fundi Taratibu na Kifuniko cha Tangi

Ndugu, majirani, wenye boti na ninyi mliovuka maji asubuhi hii kuja kusimama nasi, mama ameniomba nisome safari ya mume wake kwa sababu kaka zangu wawili wamesema sauti haitawatoka, nami ni kitindamimba, mtaniwia radhi nikikwama katikati.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, mtoto wa nne wa mpasua mbao na muuza maziwa, na bibi alizoea kusema kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, akachelewa kusema, hata meno yalitoka baada ya kubembelezwa. Alianza darasa la kwanza Januari 1969, katika shule ya msingi iliyo juu ya gati, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, na hakuendelea kwa sababu mwaka huohuo babu alikatwa vidole na msumeno, nyumba ikahitaji mikono mingine.

Februari 1976 aliingia karakana ya injini za boti pale gatini, akaosha vipuri kwa miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kushika spana, na mwaka 1984 mwenye karakana alipozeeka alimwachia benchi, ufunguo na pipa la maji la kujaribia injini. Hapo ndipo mlipompa jina la Fundi Taratibu. Injini ikikataa kuwaka alianza na kilicho chepesi, kwanza ile kamba nyekundu ya kuzimia injini, ambayo ikichomoka injini haiwaki, kama imekaa mahali pake, halafu petroli kama ipo na haijaingia maji, halafu mpira wa mafuta, akiuminya pale kwenye pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, halafu plagi, akiifuta na kuitazama rangi, na kabureta aliifungua mwisho kabisa, maana alisema anayekimbilia kabureta anataka tu kuonekana fundi.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, baada ya kumpelekea suruali ileile mara nne ili aipunguze, mpaka mama akamwambia, “Kaka, nikiipunguza tena itakuwa kaptula, sema unachotaka.” Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1988, 1992 na mimi mwaka 1998, na wajukuu watano, wa mwisho akiwa binti yangu huyu wa miezi minane.

Naomba niseme jambo moja la mwaka 2008, nilipokuwa na miaka kumi. Nilimpelekea baba chakula, nikamkuta anaitwa kwenye boti ya abiria iliyozima karibu na gati, akanipakia kwenye mtumbwi tukaenda wote. Abiria, watu wa sokoni, walikuwa wanamzomea nahodha, yule mwenye kofia ya njano, mmoja anamwambia auze boti anunue baiskeli. Baba alipoinama, kitu cha kwanza kushika kilikuwa kifuniko cha tangi, pale kwenye skrubu ya kupitisha hewa, ambayo ikisahauliwa imefungwa injini hukimbia dakika chache tu kisha hukosa mafuta. Aliilegeza kwa vidole viwili, mgongo wake ukiwaziba abiria, nikasikia hewa ikiingia, na kazi ikawa imekwisha. Lakini hakuvuta kamba ya kuwashia. Alitoa plagi, akaifuta, akaipuliza, akatikisa kichwa, akaomba kitambaa, nusu saa nzima, mpaka wale wazomeaji wakaanza kusema kumbe tatizo lilikuwa kubwa, ndipo akavuta kamba mara moja ikawaka. Tulipofika nchi kavu alimwita nahodha nyuma ya pipa, akamweleza habari ya skrubu wakiwa wawili. Nilipomuuliza sababu alisema, “Mwanangu, kesho anawabeba walewale. Wakijua kilichomshinda ni kifuniko, nani atapanda?”

Tarehe 3 Juni 2022 alipata kiharusi akiwa kwenye benchi lake, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakawa mazito, lakini Septemba alirudi karakana, akakaa kwenye kiti. Boti zikaanza kumjia, na kila injini ilikuwa na ugonjwa mmoja, skrubu ya hewa imefungwa. Nilidhani watu wamekuwa wazembe, mpaka siku moja nilipomwona nahodha wa kofia ya njano akitazama huku na huku, akaikaza skrubu kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akaita, “Fundi, imenishinda tena!” Nilinyamaza miaka miwili, hata mama sikumwambia, nikiogopa kwamba baba akijua anaonewa huruma hatakanyaga tena karakana. Naye kila mara aliikagua injini kwa mkono wa kushoto, kamba, petroli, mpira, plagi, nusu saa, kifuniko mwisho.

Oktoba 2024 kiharusi kilirudi. Jumapili tarehe 17 Novemba, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake hospitalini, alisema neno mojamoja, “Vile vifuniko. Nilijua. Tangu siku ya kwanza.” Nikamuuliza, sasa baba, mbona ulikuwa unahangaika nusu saa? Akacheka kwa upande mmoja wa uso, akasema, “Ningefungua mara moja, wangeona aibu.”

Alituaga Jumanne tarehe 19 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu, miezi minane na siku tano.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyempaka mafuta viganja kila asubuhi bila kuombwa, tunamshukuru jirani aliyefua nguo za mtoto wangu siku zote hizo, na mafundi wenzake waliofagia karakana na kuacha kiti chake pale kilipo. Nanyi wenye boti, msiinamishe vichwa, hamkumdanganya, mlimpa miaka miwili ya kazi naye aliipokea akiwa anajua.

Baba, lala salama, taratibu kama ulivyozoea, leo hakuna abiria anayekungoja.