Gauni la Jovitha Lisilo na Mshono Mabegani

Baba Paroko, shemeji yangu Simiyu, mwanetu Careen, walimu, wanafunzi na wafanyabiashara wenzetu wa hapa Guangzhou, mimi ni Alphonce, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasimulie maisha ya dada yetu Jovitha Kokugonza, kabla mwili wake haujaanza safari ya kwenda kuzikwa Kimilili, Kenya, nyumbani kwa mumewe.

Jovitha alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, Bugandika, mkoani Kagera, Tanzania, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Benjamin Rwegasira na mama yetu Melania, fundi cherehani, ambaye alikuwa akimlaza juu ya vitambaa chini ya meza ya kushonea, ndiyo maana sisi wengine tulirithi migomba, yeye akarithi sindano na ubishi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bugandika, akaendelea na sekondari Bukoba mjini hadi mwaka 2005, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu shahada ya historia mwaka 2008, na Septemba 2010 akaja Guangzhou kwa ufadhili kusomea historia ya mavazi. Kila mtu alitegemea aandike habari za kanga, au za nguo za magome ya miti za Wahaya, yeye akachagua mavazi ya Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale, walioishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akisema kwamba wenzetu wameshika kalamu miaka mingi wakieleza babu zetu walivaa nini, basi na sisi tuwatazame bibi zao, tena kwa heshima.

Tarehe 20 Aprili 2013 alifunga ndoa na Bwana Simiyu, mnunuzi wa suruali za jinzi kule Xintang, na tarehe 2 Februari 2014 Mungu akawajalia binti yao wa pekee, Careen. Wakati huo Jovitha alikuwa ameshashona gauni lake la kwanza la Kisaksoni, ambalo kwa asili ni kitambaa cha duara kama gunia lisilo na kitako, mwanamke huingia ndani, hulishika mabegani kwa bizimu mbili, yaani vibanio vya chuma, kisha hujifunga mkanda, lakini yeye, kwa mazoea ya mtoto wa fundi asiyeweza kuacha upande wazi, aliyapiga mabega cherehani. Siku moja alikuwa amelivaa mtoto akalilia ziwa, ikabidi avue gauni zima, akabaki amekaa anacheka peke yake, kwani alielewa bizimu zilikuwa na kazi gani kwa mama anayenyonyesha, akafumua mabega, akaandika upya sura nzima ya utafiti wake.

Kuanzia mwaka 2015 alifundisha katika chuo cha ubunifu wa mavazi, na jioni alishona na akina mama wa karakana moja ya Kangle, mtaa wa mafundi na wauza vitambaa, nguo za kale za maonyesho na michezo ya jukwaani. Mwaka 2022 alianza gauni alilotaka liwe sahihi kila uzi, akazunguka masoko yote ya Kangle akitafuta sufu iliyosokotwa kwa mkono, na kila laobani, yaani bosi wa duka, akimjibu "mei you", hakuna, mpaka akaamua kusokota mwenyewe. Utepe wa pindo la gauni hilo hufumwa kwa vibao vidogo vyenye matundu, naye akatoboa karata za mumewe, shemeji akauliza, "Sasa Mama Careen, wikendi tutacheza na nini, vifungo?"

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani, na dawa zikamtia ganzi vidoleni, jambo lililomuumiza kuliko ugonjwa wenyewe, kwani utepe ulikuwa nusu, akaogopa gauni lingekufa kabla yake. Careen aliketi kitandani mwake hospitalini, mama akisema, binti akizungusha karata, na mwezi Septemba mwaka huu utepe ukakamilika, gauni likaisha, na Jovitha alilia kwa furaha, nasi tulilia naye. Alifariki tarehe 3 Novemba 2025, asubuhi.

Wazee wa Kimilili walituma salamu kwamba mke wao azikwe na vazi lake bora, na kwa desturi walikuwa na haki, ila Jovitha alikuwa ameacha neno, kwamba tumewajua Waingereza wa kale kwa vipande vya nguo vilivyoganda kwenye kutu za bizimu makaburini, lakini gauni lake yeye hataki lizikwe likasubiri wachimbaji. Jana shemeji Simiyu aliongea na wazee kwa simu, muda mrefu na kwa unyenyekevu, nao wakaridhia, hivyo dada yetu amevalishwa gauni lake la harusi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na akina mama wa Kangle waliofunga karakana leo ili wawe hapa, Mungu awalipe.

Na huyu mnayemwona amesimama karibu na jeneza ni Careen, amevaa lile gauni la sufu la mama yake, halikukatwa wala kupunguzwa, limepandishwa tu juu ya mkanda na kushikwa na bizimu, na kila mwaka atakapokua tutalishusha kidogo. Pumzika kwa amani, dada, gauni liko kazini.