Siku ya Ushuhuda wa Laure

Kwenye kona ya barabara iendayo Kambove, mbele ya duka lililofungwa zamani, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta. Mama Marcelline huteleka kahawa hapo kila asubuhi, na wenye benchi ni wale wale: Gauthier, aliyewahi kuendesha ambulansi na tangu hapo anaitwa Docteur, Pitshou wa Shinkolobwe, mchimbaji wa madini ambaye mikono yake haitakati, na mzee Joachim, wanayemwita Papa Amina kwa sababu hamalizi neno bila Amina. Asubuhi hiyo Papa Amina alikuwa na mjukuu wake Élysée magotini. Mtoto alikohoa. Mama yake, Laure, binti wa pekee wa Joachim, alizikwa mvua zilipokuwa zikiisha.

— Ba centre ya afya balinipigia simu tena, alisema Joachim polepole. Banasema nilete mutoto, bamupime damu.

— Si balishapima? aliuliza Marcelline. Minye nilikuwa mu kanisa siku ya ushuhuda!

Wote walikuwapo. Laure alisimama mbele ya watu akasema bila kuficha kwamba ana virusi vya UKIMWI, na kwamba damu ya mtoto wake imepimwa na haina kitu. Ngoma zikapigwa. Wiki hiyo hiyo akaacha kumeza dawa zake, akazifungia kabatini, asije akamshukuru Mungu kwa mdomo na kumtilia shaka kwa tumbo.

— Njo vile, alisema Joachim. Tulimushukuru Mungu mbele ya bantu. Nikimupeleka tena, si ni kumuita Mungu muongo?

Docteur alipuliza kahawa yake.

— Papa Amina, minye nilibeba bagonjwa miaka mingi. Ile damu ilipotea mu njia ya Lubumbashi. Beko na haya ya kusema.

— Ilipotea namna gani, na majibu ilirudi? aliuliza Marcelline.

— Ilirudi ya mutoto mwingine!

Joachim alimvuta mtoto kifuani.

— Docteur, weye ulikuwa unashika usukani tu, alisema Pitshou. Minye nitakuambia. Banatafuta mavumbi ya mawe ya Shinkolobwe mu damu ya batoto. Bakiyakuta, bantu ya kampuni banakuja kuchimba mpaka chini ya hii benchi.

— Basi bangeanza kukuchimba weye! alisema Marcelline.

Walicheka. Joachim hakucheka. Docteur, asiyependa kushindwa, akainama na kushusha sauti.

— Ukweli ni huu. Mutoto alishinda virusi ya mama yake. Donc damu yake ni dawa, na kuna bantu banaitaka. Ukimuingiza mule ndani, Papa, hautamuona tena.

Mzee aliweka kikombe chake kando, juu ya benchi. Alikumbuka sauti ya yule muuguzi kwenye simu. Hakumgombeza. Alisema, «Tafazali, papa.» Upole ule ndio uliomnyima usingizi.

— Basi haendi, alisema. Mungu alishasema. Amina.

— Amina, aliitikia Pitshou.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake, mtoto mgongoni, akingoja pikipiki ya kwenda Kakontwe. Hakuna aliyemjua.

— Baba, munisamehe. Ile siku balimupima, alikuwa mudogo?

— Mudogo sana, mama.

— Na kisha pale, mama yake hakumunyonyesha tena? Juu maziwa ya mama nayo inaweza kumupa ule ugonjwa.

Docteur alitazama ndani ya kikombe. Pitshou alikwangua udongo kuchani. Marcelline akakoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa. Pikipiki ilifika, mwanamke akarudisha kikombe, akapanda.

Joachim aliiona tena siku ile ya ushuhuda. Ngoma zilimtisha Élysée, akalia, na Laure akaketi benchi la mbele, akafungua vifungo vya blauzi. Mtoto akanyamaza, watu wakazidi kupiga makofi. Alinyonya siku ile, na iliyofuata, na kiangazi chote, mpaka Laure aliposhindwa kuinua mkono. Mungu alijibu kuhusu siku ya kupimwa. Siku zile nyingine zote, hakuna aliyeuliza.

Mzee alisimama, akamfunika mtoto kwa koti lake.

— Papa Amina, na kahawa yako? aliuliza Marcelline.

Hakugeuka. Alishika njia ya centre, polepole, kisha haraka kuliko miguu yake ilivyoweza.

— Mungu wangu, alisema, Mungu wangu.

Na lile neno lake la kufungia halikuja.