Kwapa ya Nani?

Basi letu la Bukavu lilipotoka Kavumu, maman mmoja aliyeketi mbele yangu akamgeukia papa mmoja mwenye kofia, mtu asiyemjua kabisa. «Papa, bashemeki yangu, bandugu ya bwana yangu, wanaweza kukata shauri juu ya kwapa yangu?»

Papa akacheka. Maman hakucheka.

«Niko na kansere ya titi. Kivimbe watatoa, nimekubali. Sasa munganga aliuliza kama apime kwanza tezi moja ao mbili za mu kwapa, aone kama kansere imefika kule, ao atoe zote. Akitoa zote, mukono inaweza kuvimba mpaka siku ya kufa. Na miye ni mulimaji, papa!»

«Bwana yako anasema nini?»

«Iko ku machimbo ya Shabunda, simu haipite. Basi bandugu yake wakakaa baada ya misa, wakakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakapiga kura. Zote zitoke! Mukubwa wao akasinya karatasi ya munganga. Miye nilikuwa mu jikoni, napika bugali yao. Leo naenda kuambia munganga achane ile karatasi.»

«Lakini maman, ndiyo desturi. Mukubwa wa familia anasinya.»

«Basi akuje alime!»

Nilitaka kupiga makofi, ila nilikuwa nimepakata kuku wa jirani.

Tulipofika Bukavu, mlango wa basi ukakwama. Papa akausukuma mara tatu, akashindwa. Maman akapitisha mkono juu ya bega lake, akauvuta mara moja, ukafunguka.

«Aksanti, maman.»

«Ndiyo ule mukono, papa.»