Shikamoo Kabla ya Kuruka

Tangu Tabora, kijana aliyeketi mbele yangu kwenye treni alikuwa akibishana na mama asiyemjua, kisa gemu la mpagazi wa misafara ya zamani anayeruka mashimo huku chatu akimfukuza. Wote wawili wanalo kwenye simu, ila mama amegoma kuhama toleo la majaribio.

“Kwenye langu, mzee wa getini unamruka kichwani, unaenda zako,” mama alisema.

“Hilo lilikuwa halijakamilika, mama. Siku hizi unamwamkia, unasubiri aitikie, ndipo geti linafunguka.”

“Na chatu je?”

“Chatu anakuja tu.”

“Basi wameliharibu! Nani anaamkia watu huku anafukuzwa na chatu?”

“Mwenye adabu,” alijibu kijana, ambaye tangu apande hajamwamkia mtu humu ndani, mimi mwenye mvi nikiwemo.

Stesheni ya Kigwa, alikoshukia kijana, treni ilisimama kidogo tu. Kijana akanyakua begi, akainua mguu auruke mzigo wa mama uliokuwa umeziba njia. Mama akamtazama. Mguu ukabaki hewani.

“Shikamoo, mama.”

Mama akachagua karanga moja, akaanza kuimenya taratibu. Treni ikapiga honi, na marahaba bado haijatoka.