Penseli ya Mwalimu Muchiri

Sogeeni karibu, wanangu. Celine, zima hiyo redio, na wewe Osewe usisimame mlangoni kama mgeni, kaa hapa kitandani, maana pumzi yangu ni fupi na maneno haya sitayarudia. Shamba la nyumbani mpaka wake mnaujua. Vyombo vya chumba hiki cha Kawangware ni vya Celine, aliyeniosha na kunilisha bila kununa hata siku moja. Kilichobaki ni lile duka letu la fotokopi kule Sarang'ombe, Kibera, na faili hili la kijani lililo chini ya mto wangu.

Mlikuwa wadogo mhubiri mmoja aliponiletea kijitabu nimtolee nakala mia tatu. Kilisema Wayahudi hukutana kwa siri kupanga kuitawala dunia. Nikatoa, nikabana pini, nikafurahi kwamba kazi imepatikana. Nikiwa na nakala moja iliyozidi mkononi akaingia Mwalimu Muchiri wa Riruta, yule profesa mzee wa historia aliyetumia maisha yake kuandika jinsi chuki dhidi ya Wayahudi ilivyokua huko Ulaya mpaka wakauawa watu milioni sita. Nilidhani atanifokea. Akaketi kwenye benchi, akatoa penseli, akaandika juu ya jalada: Nani ameandika? Lini? Ushahidi uko wapi? Nikamwambia, Mwalimu, hapa Kibera Myahudi yuko wapi, hii itamdhuru nani? Akanijibu polepole kwamba waliochapa uongo huo zamani nao hawakumgusa mtu, walichapa tu, na waliousoma ndio baadaye wakapanga orodha za majina ya watu wa kupandishwa treni kwenda kuuawa. Kesho yake akaniletea kurasa mbili za kitabu cha zamani zaidi, nikaziweka kando ya kijitabu, nikaona kwa macho yangu kwamba maneno ya kijitabu yaliibwa kutoka kitabu hicho, ambacho hakikuwataja Wayahudi kabisa. Nililia, wanangu. Zile mia tatu zilishaondoka, na mpaka leo sijui zimefika wapi.

Tangu hapo kila ukurasa Mwalimu alioniletea nimtolee nakala niliusoma, majina ya vijiji, majina ya watoto, miaka yao. Mimi niliyeishia darasa la saba, profesa mzima alikuwa akiniuliza, Mama Osewe, umeonaje hapa? Namshukuru kwa hilo mpaka kaburini.

Ndiyo maana Januari ile ya 2008, ya ghasia za baada ya uchaguzi, wanaume wa kabila letu waliponiletea karatasi yenye ploti walizoishi watu wa kabila la Mwalimu, niwatolee nakala, nilisema wino umeisha. Hawakudanganyika. Waliivunja mashine, karatasi yao ikabaki ndani yake, na mimi wangenivunja kama Mabrouka, jirani yetu Mnubi, asingetuvuta sisi watatu nyumbani kwake, akatuficha siku nne, tukala alichokula. Mashine mliyo nayo sasa alitutafutia Mwalimu. Tumebebwa na watu, wanangu, tumebebwa sana, na mimi naondoka nikiwa na shukrani tele.

Sasa, Osewe, nyathina, mwanangu. Juzi Celine alikuta karatasi kwenye kaunta yako. Eti Wanubi wamekutana kwa siri kupanga kuwafukuza wapangaji wote wa Kibera. Kwa siri! Ni kijitabu kile kile, wamebadilisha jina tu. Na umeahidi nakala mia tano kesho asubuhi. Nimekasirika, sitaficha, lakini sina mdomo wa kukutukana, kwa sababu mimi nilishazitoa mia tatu.

Mashine ni yako, kwa sharti moja: usitoe nakala ya kitu usichokisoma, wala ya kitu ambacho ungeona haya kumsomea Mabrouka. Hiyo karatasi usiichome. Mwalimu alisema ukiichoma, kesho watakana kwamba iliwahi kuwepo. Iweke kwenye faili, pamoja na kijitabu changu na ile orodha ya ploti. Wakija kesho, usiwaambie wino umeisha kama mimi. Waambie umekataa.

Nizikeni karibu na baba yenu, msifanye makubwa. Mungu Nyasaye awalinde, awape majirani kama wangu... Celine, nishike mkono. Macho yameanza kuniacha, sioni uso wako, Osewe. Penseli ya Mwalimu imo ndani ya faili. Ichukue. Andika juu ya karatasi yao yale maswali matatu... bonyeza, mwanangu, bonyeza, nisikie ikikwaruza.