Onyiego wa Bonareri, Mtoto wa Watu Wanaojulikana

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Nyaramba na wageni mliotoka mbali: wasifu huu umeandikwa na Phanice, bintiye marehemu, na ndiye anayeusoma. Aliombwa aulainishe kidogo kabla haujachapishwa. Amekataa.

Marehemu Mwalimu Samson Onyiego alizaliwa Agosti 1939 kwenye shamba la walowezi upande wa Sotik, ng'ambo ya Keroka. Mama yake, Bonareri, alikuwa mpishi wa Wazungu wawili waliofika huko mwaka wa 1920, baada ya vita vya kwanza. Mmoja alikuwa Hugh Pellow, mwenye shamba. Wa pili alikuwa Walter Pellow, aliyeishi naye nyumba moja. Bonareri alisema tangu mwanzo, mpaka alipofariki mwaka wa 1981, kwamba baba wa mtoto ni Walter. Hakunong'ona. Alimwambia chifu, akamwambia mchungaji wa wakati huo, akamwambia Hugh mwenyewe, na kwa kumwambia huyo akafukuzwa kazi mtoto akiwa hajaota jino. Walter alikwenda vitani, akafia Uhabeshi mwaka wa 1941. Tangu hapo kila aliyeulizwa alijibu kwamba baba wa Onyiego hajulikani. Neno hilo hupendwa sana na watu wanaojua.

Bonareri alirudi kwao hapa Nyaramba. Kaka yake, Mzee Angwenyi, alimpokea. Wanawake walipoanza kuteta kisimani aliwaambia kwamba kitanda hakizai haramu, akamkatia dada yake sehemu ya shamba, ndipo tulipokaa leo. Mdogo wao, Persis, wakati huo msichana mdogo, ndiye aliyembeba marehemu mgongoni.

Marehemu alianza masomo katika shule ya misheni mwaka wa 1947. Wenzake walimwita Mzungu Maskini. Wengi wao walikuwa na majina ya baba zao. Yeye aliitwa darasani Onyiego Bonareri, kwa jina la mama, na kila mwalimu mpya alisita hapo na kuuliza tena huku darasa likicheka. Alipigana hadi alipochoka kupigana, kisha akaanza kuwashinda kwenye mitihani. Alihitimu ualimu mwaka wa 1960 na kufundisha historia katika shule za Nyamira na Kisii mpaka alipostaafu mwaka wa 1994. Kwa zaidi ya miaka thelathini alisimama mbele ya watoto akiwafundisha jinsi walowezi walivyofika, na hakuna kitabu hata kimoja kilichomtaja mama yake.

Mwaka wa 1964 alimwoa Gladys, binti wa Mzee Nyamongo wa Keroka. Nyamongo aliuliza swali ambalo kila mtu alilitarajia: baba wa kijana ni nani? Mzee Angwenyi alisimama akajibu, "Ni mimi," na kesho yake ng'ombe wa mahari wakatoka katika boma lake. Ngozi ya marehemu haikuvumilia jua, hivyo alitembea na mwavuli hata kiangazi. Gladys alipochuma chai, mumewe alimfuata mstari hadi mstari akimfunika kwa mwavuli huo, na wanawake wengine wakipiga vigelegele vya kumcheka. "Chekeni tu," alikuwa akiwaambia. "Wa kwenu wako wapi?"

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha raha. Sisi hapa tunawapa watoto majina ya marehemu wa upande wa baba. Watoto wake wote, Bosire, Phanice na Machogu, walipewa majina ya upande wa Bonareri, kwa sababu upande wa pili hakuwa na jina la kutoa. Alipostaafu alizunguka kwa vibarua wa zamani akiuliza swali moja: Hugh na Walter walikuwa nani kwa nani? Wengine walimwambia ni ndugu, wengine ni binamu, wengine wakasema Walter alikuwa mpwa aliyeokotwa kwa huruma. Kama walikuwa ndugu, alikuwa na ukoo ulio hai. Hakutaka shamba lao, lililouzwa zamani. Alitaka jina.

Agosti 2009 alifika Judith Pellow, binti wa Hugh, akitafuta kaburi la baba yake. Watu wa Keroka walimwelekeza kwa Mwalimu. Alimpeleka kaburini, kisha akamleta hapa nyumbani, akachinja mbuzi na kuita wazee. Binti wa Bosire alikuwa amezaliwa juma hilo. Marehemu alimweka mtoto mapajani mwa mgeni, akamwuliza mbele ya wote, "Mama yao Hugh na Walter aliitwa nani?"

"Edith," alijibu Judith bila kufikiri. "Mama mmoja, wote wawili."

"Basi nipe jina hilo. Huyu ni wenu. Walter ni baba yangu."

Judith aliona haya, akasema ataona fahari. Wazee walipiga makofi. Marehemu alilia mbele ya watoto wake kwa mara ya kwanza. Kwetu, anayekupa jina la mtu wake aliyekufa amekubali kwamba marehemu wenu ni wamoja, hilo halirudishwi. Judith, kumbe, alidhani ametoa zawadi kwa mtoto mzuri na kushiba nyama. Mwaka uliofuata ukoo wa Pellow ulitangazwa kwenye mtandao, matawi yote hadi vitukuu. Kuhusu Walter waliandika kwamba alikufa bila mtoto, na kwamba uhusiano wake na Hugh haujulikani. Walikuwa tayari kumtupa ndugu yao wenyewe ili wasimpokee mtoto wake. Marehemu alisoma mara moja, akamrudishia Bosire simu, akaenda kupalilia migomba. Alipalilia mpaka giza.

Mwaka jana alianza kuugua figo na akatibiwa Kisii. Alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Gladys.

Hata kabla mwili haujafika mochari, Makori, mwana wa Mzee Angwenyi, alisimama kwenye kikao cha mazishi. Yupo leo, hema la pili. Asiangalie chini.

"Huyu alikuwa mtu ya wazungu," alisema. "Si hata mjukuu alimpea jina yao? Apelekwe huko Sotik alale na watu yake. Hapa ni kwa Angwenyi."

Siku tano tulibishana mahali pa kulaza mtu aliyewafundisha kusoma. Wazee walikohoa, wakasema mambo ya ukoo wake hayajulikani vizuri. Ndipo Mama Persis alipoomba ashikwe mkono, akasimama.

"Makori, ng'ombe ya Gladys ilitoka kwa boma ya nani?"

"Ya baba, shangazi."

"Na ya mama yako?"

Makori aliketi.

"Mwenye kutoa ng'ombe ndiye baba. Kama Onyiego si wa Angwenyi, basi na wewe tukutafutie kwenu kwingine. Chimbeni hapo karibu na nyumba yake, na mniache nikae nione."

Walichimba. Hakuna aliyeomba msamaha, na familia imeona hivyo.

Marehemu amemwacha mkewe Gladys. Watoto wake Bosire, Phanice na Machogu. Wajukuu saba, akiwemo Edith, ambaye jina lake halibadilishwi. Mama yake mdogo Persis. Na ndugu yake Makori, atake asitake. Kwa mila yetu watoto wa ndugu wawili ni ndugu, kwa hiyo ameacha pia dada, Judith Pellow, wa Uingereza. Tulimpigia kumpasha habari za msiba. Alitupa pole, kisha akatuomba kwa adabu kwamba jina lake lisisomwe kwenye mazishi haya, kwa kuwa uhusiano haujathibitishwa. Limesomwa, na kwenye programu limechapishwa kwa herufi kubwa.

Mwalimu Onyiego apumzike kwa amani. Hasira atuachie sisi.